Kijana anapomlilia mtu wa kwenye gemu

Kila inapozungumzwa habari ya gemu katika darasa na khutba zetu, husemwa maneno yale yale: zinapoteza muda, zinawakosesha watoto swala, zinawazoesha ugomvi na zinawafungulia mlango wa kamari. Maneno hayo yana ukweli wake, na makala hii haikuja kuyapinga. Lakini kuna jambo moja ambalo sijapata kulisikia mimbarini, nalo ni kwamba iko gemu inayomfanya kijana alie. Sizungumzii kilio cha aliyefungwa mabao au aliyeliwa fedha zake. Nazungumzia kilio cha huzuni, kama cha mtu aliyefiwa.

Mzazi anapokutana na jambo hilo hajui alishike wapi. Wengine hucheka. Wengine hukasirika na kuibamiza simu ukutani. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakadhani mtoto ana shetani na kumtafutia mtu wa kumsomea. Kwa kuwa gemu zimeshaingia majumbani mwetu, tena kupitia simu tulizowanunulia wenyewe, ni vyema tukalijua jambo hili lilivyo kabla ya kulihukumu.

Kwanza tutofautishe. Tumezoea kuzitia gemu zote kapu moja ilhali hazifanani. Zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizotapakaa mitaani ni kamari tupu, na hukumu yake anaijua hata mtoto wa madrasa. Mpira wa PlayStation unaochezwa mabandani kwa kulipia kila mechi ni mashindano; wema na ubaya wake unategemea muda, fedha na lugha inayotumika humo. Ziko za kupiga watu risasi na kuiba magari. Na iko aina ya nne, ambayo wazazi wengi hawaijui kwa sababu haina kelele. Hiyo ni gemu ya hadithi ndefu, ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akasafiri naye, akazungumza na watu, akanunua dawa na silaha, akakusanya wenzake njiani, na safari ikamchukua wiki au miezi. Hamna anayemfunga mwenziwe. Ni kama kusoma riwaya nene, isipokuwa hapa msomaji ndiye anayefanya kazi ya kuwafikisha wahusika mwisho wa kitabu.

Miongoni mwa zilizo mashuhuri kabisa katika aina hiyo ni Final Fantasy VII, iliyotolewa na kampuni ya Square ya Japani Januari 31, 1997 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza. Ilikuwa ndefu kiasi cha kujaza diski tatu. Imeuzwa nakala zaidi ya milioni 10 duniani, na tangu mwaka 2016 inachezeka katika simu za Android. Kwa hiyo kijana wa Temeke, wa Tanga au wa Tabora anaweza kutembea nayo mfukoni bila mzazi kujua, ama kwa kuinunua ama kwa kunakiliana. (Huko kunakiliana nako kuna hukumu yake, lakini tukuache kwa leo.)

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Kuna kampuni iitwayo Shinra, yenye nguvu kuliko serikali, ambayo inanyonya kutoka ardhini nishati iitwayo mako na kuiwashia taa jiji lake la Midgar. Jiji hilo limejengwa kwa tabaka mbili: matajiri juu, juu ya sakafu kubwa ya chuma, na maskini chini ya sakafu hiyo, ambako jua halifiki. Mchezaji anashika nafasi ya Cloud, kijana askari wa kukodiwa, aliyejiunga na kikundi kinachoipinga kampuni. Katika vichochoro vya maskini anakutana na binti muuza maua aitwaye Aerith. Binti huyo ni mcheshi, ana utani mwingi, na anaungana na msafara. Vita vinapokuwa vigumu, yeye ndiye hodari wa kuwaponya wenzake. Mchezaji anazoea kumtegemea. Anamnunulia mavazi bora, anamwongezea nguvu kila siku, anachagua maneno ya kumjibu.

Mwishoni mwa diski ya kwanza, baada ya saa nyingi za kuwa naye, Aerith anaondoka peke yake kwenda katika mji wa kale uliohamwa, anapiga magoti na kuomba ili ulimwengu uepushwe na balaa. Wenzake wanamfikia. Anainua uso, anamtazama Cloud na kutabasamu. Papo hapo adui wao, Sephiroth, anashuka kutoka juu na upanga mrefu na kumchoma mgongoni. Amekufa. Cloud anambeba hadi majini na kumwachia azame.

Ukisimuliwa hivi unaweza kusema, basi, ni hadithi kama hadithi nyingine. Lakini tazama ilivyopangwa. Katika gemu hii kuna dawa inayoitwa Phoenix Down, ambayo humwinua mwenzako aliyeanguka vitani. Mchezaji ameitumia mara nyingi tangu mwanzo na anazo tele katika mfuko wake. Siku hiyo haitumiki. Hakuna mahali pa kubonyeza. Mara tu baada ya mauaji hayo kunatokea pambano, na kwa kawaida pambano likianza muziki hubadilika ukawa wa kishindo. Safari hii haubadiliki. Mtunzi wa muziki, Nobuo Uematsu, ana wimbo wa huzuni wa Aerith, na wimbo huo unaendelea taratibu wakati mchezaji anapigana, akitaka asitake. Halafu safari inaendelea. Nafasi ya binti yule katika orodha ya wenzake imebaki tupu, na kazi yote ya kumkuza imekwenda naye.

Yoshinori Kitase, aliyeiongoza gemu hiyo, alieleza katika mahojiano na jarida la Edge la Uingereza mwaka 2003 kwamba walifanya hivyo kwa makusudi. Alisema kwa maana hii: katika filamu na michezo, mtu hufa kishujaa, kwa kujitoa mhanga, na watu wanashangilia. Katika maisha watu hufa kwa maradhi na ajali, ghafla, bila sababu inayoonekana kuwa nzuri au mbaya, na kinachobaki ni uwazi mkubwa moyoni pamoja na fikra moja: laiti ningejua, ningefanya mambo kwa namna nyingine. Hisia hiyo hasa ndiyo waliyotaka mchezaji aipate. Naye Hironobu Sakaguchi, mwasisi wa mfululizo huo wa gemu, amepata kueleza kuwa alifiwa na mama yake wakati wakitengeneza gemu ya tatu, na tangu hapo akawa anatafakari sana habari ya uhai na kuondoka kwake. Kwa hiyo waliotengeneza tukio lile walijua wanachokizungumzia.

Matokeo yake yanajulikana. Kwa miaka mingi wachezaji wa Japani, Marekani na Ulaya walipeana uvumi wa njia za siri za kumfufua Aerith: ukipita mahali fulani, ukipata kitu fulani, atarudi. Watu wazima waliirudia gemu tangu mwanzo wakifuata uvumi huo. Ilipotengenezwa upya, sehemu ya kwanza mwaka 2020 na ya pili Februari 29, 2024, wapo waliokuwa wamesubiri miaka 27 kuona kama safari hii ataachwa hai.

Mimi nilikutana na jambo hili Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, anakoishi dada yangu. Mhunze ni mji mdogo wa pamba, mtama na vumbi, wenye ofisi za wilaya na soko, na kwa vijana wengi wa huko ramani ya dunia ina njia mbili: kwenda Mwanza au kwenda machimbo. Shemeji yangu alichagua ya pili. Alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Geita, na siku moja duara likaporomoka akafukiwa na kifusi. Maiti ililetwa ikiwa imeshakafiniwa, ikaswaliwa na kuzikwa kabla ya Alasiri. Mtoto wake wa kiume alikuwa na miaka 12. Tulimshika bega, mmoja baada ya mwingine, tukamwambia ajikaze, yeye sasa ndiye mwanamume wa nyumba. Akajikaza kweli. Hakutoa chozi siku ile wala siku ya arobaini.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa Mhunze kwa likizo, nimeketi nje, dada akaniita kwa sauti ya mtu aliyeudhika.

"Kaka, njoo umuone mpwao. Baba yake alipokufa hakulia. Leo analilia katuni!"

Kijana alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, simu mkononi, kamasi zinamtoka. Dada alitaka kuichukua simu ile aitie motoni. Nilimwomba aniachie kidogo. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nikauliza swali la mtu asiyejua kitu: huyu ni nani? Akanieleza. Alinieleza kwa kirefu, yule ambaye mwalimu wake alikuwa akilalamika kuwa hafungui mdomo darasani. Nikagundua kuwa amesoma maelfu ya mistari ya Kiingereza na kamusi ubavuni ili aielewe hadithi ile. Kisha akanifungulia mfuko wa vitu vyake ndani ya gemu.

"Ona, mjomba. Dawa hizi ninazo arobaini na kitu. Hakuna hata moja iliyomfaa."

Akanyamaza. Kisha akasema bila kunitazama: "Baba aliniamsha kuniaga. Nikajifunika shuka."

Dada alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Hakuingia, wala hakuondoka.

Sasa atakuja msomaji aseme: kumlilia baba ni sawa, lakini yule binti wa kwenye simu hayupo wala hajapata kuwepo, na kumlilia asiyekuwepo ni upungufu wa akili. Nami namuuliza: bibi zetu walikuwa na upungufu wa akili? Waliokuwa watu wazima Zanzibar, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam miaka ya 1950 na 1960 wanakumbuka sinema za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957. Kina mama walikwenda na khanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kufutia machozi. Wengi wao hawakujua Kihindi hata neno. Walilia, wakarudi nyumbani wakapika, na hakuna aliyepelekwa kusomewa. Walijua kabisa kwamba Nargis ni mwigizaji. Walichokuwa wakikilia kilikuwa chao.

Hata hivyo gemu na sinema hazilingani, na hapa ndipo penye nukta ambayo mzazi anapaswa kuishika. Katika sinema wewe umekaa kitini. Lolote linalompata mhusika, hukuwa na mkono wako. Katika gemu ya namna hii mkono wako umo tangu mwanzo. Wewe ndiye uliyemvalisha, uliyemponya, uliyemchagua aende na wewe na fulani abaki. Anapokufa, pamoja na huzuni linakuja swali ambalo sinema haimpi mtu: nilikosea wapi? Ningefanya nini? Ndiyo maana watu walitafuta njia za siri kwa miaka. Hawakuwa wakitafuta burudani zaidi. Walikuwa wakitafuta kosa lao ili walirekebishe. Na jibu la gemu ni gumu: hukukosea popote, na hakuna ambacho ungeweza kufanya. Mtu mzima aliyefiwa anaijua safari hiyo ya kutoka kwenye swali hadi kwenye jibu, na anajua inavyochosha. Mtoto wa miaka 12 anayeambiwa ajikaze haanzi hata hatua ya kwanza. Swali linabaki tumboni.

Kuhusu machozi yenyewe, tusiisingizie dini. Kauli ya kwamba mwanamume halii haikutoka katika mafundisho yetu. Mtume (SAW) alimlilia mwanawe Ibrahim, na masahaba walimwona. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga na kuchana nguo. Sisi tumekuja kuliongeza la kwetu, tukalifundisha makaburini, tena kwa watoto.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulifumbia macho. Gemu hii ina itikadi ndani yake. Inafundisha kwamba roho za waliokufa hurudi ndani ya sayari na kuchanganyika katika mkondo mmoja wa uhai, na kwamba mkondo huo ndio unaozalisha viumbe wapya. Aerith naye, anapopiga magoti, haombi kwa Mwenyezi Mungu. Anazungumza na sayari. Watengenezaji ni Wajapani na wamechota katika fikra za kwao na za kwingineko, hilo si la kushangaza. Mtoto wa Kiislamu anayecheza kwa saa arobaini anazinywa fikra hizo polepole, tena akiwa katika hali ya huzuni ambayo moyo umefunguka. Mpwa wangu aliniuliza siku ya pili yake, tukitoka kuswali Magharibi, kama baba yake naye yuko ndani ya ardhi kwa namna ile. Angemuuliza nani, kama pale nyumbani gemu ingekuwa jambo la kufichwa? Nilimweleza habari ya barzakh kama nilivyofundishwa mimi. Na nikamwambia jambo ambalo gemu yake haina: kwamba mfuko wake si mtupu. Dua ya mtoto humfikia mzazi wake, na sadaka pia. Aliniuliza sadaka ya kiasi gani. Nikamwambia hata ya maji ya kunywa.

Kuna sehemu nyingine ya gemu hiyo ambayo sikuitarajia, na ambayo naamini mtu wa Shinyanga au Geita anaielewa kuliko Mjapani aliyeitunga. Katika msafara wa Cloud kuna bwana mmoja mkubwa wa mwili, mkali, aitwaye Barret. Kwao ni Corel, mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Kampuni ya Shinra ilifika pale ikitaka kujenga mtambo wake, ikawaahidi wananchi maisha mazuri. Rafiki yake Barret, aitwaye Dyne, alipinga peke yake. Barret akawa miongoni mwa waliomshawishi akubali. Mtambo ukajengwa. Ulipolipuka, kampuni iliwalaumu wenyeji, askari wake wakauchoma mji, na mke wa Barret akafa humo. Barret anatembea na mtoto mdogo wa kike, Marlene, ambaye mchezaji anadhani ni wake wa kumzaa. Kumbe ni mtoto wa Dyne. Barret anaporudi Corel anawakuta waliosalia wakiishi kwenye mahema na mabanda, nao wanampokea kwa ngumi na matusi. Juu ya mji huo uliokufa, kampuni imejenga uwanja mkubwa wa starehe unaong'aa taa usiku kucha, na njia ya kwenda huko inapita hapo hapo penye mahema.

Kijana wa Mhunze hahitaji kufafanuliwa. Wilaya yake ndiyo yenye mgodi wa Mwadui, ambao almasi yake iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana hapo mwaka 1947, yenye karati 54.5, ilipelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia, na ikawekwa katika bruchi yake. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi huo ulibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji jirani. Katika mkoa huo huo, kule Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji wadogo walifukiwa Oktoba 2015, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Sisemi kwamba Mwadui ni Corel. Nasema kuwa mtoto aliyekulia hapo anapofika Corel ndani ya gemu, anasimama. Mpwa wangu aliniambia kuwa yeye hamchukii Barret hata kidogo. "Alitaka watu wake wapate umeme tu, mjomba." Mimi nimeyasikia mabishano ya migodi kwenye redio na televisheni kwa miaka mingi, na ni mara chache nimemsikia mtu mzima akimhurumia aliyekubali.

Je, huruma hiyo ina faida gani ikibaki ndani ya simu? Hili ni swali la haki, na aliyelijibu kwa vitendo ni mtu wa ukanda wetu. Lual Mayen ni Msudani Kusini aliyezaliwa njiani wakati wazazi wake wakiikimbia vita kwa miguu kuelekea Uganda. Dada zake wawili walifariki katika safari hiyo. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 2007 aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia, bila kumwambia anakusanya fedha za nini. Kambini hapakuwa na umeme, hivyo akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu aliyoikuta katika kompyuta ni ile ya kupiga watu na kuiba magari. Yeye aliyekimbia risasi za kweli akajiuliza kwa nini vijana wa kwao wasipate gemu inayowafundisha kinyume cha hayo. Akajifunza mwenyewe kutengeneza, na akatengeneza moja akaiita Salaam.

Katika Salaam mchezaji ndiye mkimbizi. Anakimbia mabomu, anatafuta maji na chakula, na nguvu zikimwishia lazima apate riziki ili aendelee. Mayen alikusudia kwamba mchezaji anaponunua chakula au dawa ndani ya gemu, fedha hiyo iwafikie wakimbizi walioko kambini kweli. Desemba 2018 alitunukiwa katika tuzo kubwa za gemu huko Los Angeles. Yapo mengi ya kujadili kuhusu mpango wake, lakini amelielewa jambo ambalo Wajapani walilianza mwaka 1997: kwamba mtu akishaubeba mzigo wa mwenziwe kwa mikono yake, hata kwa kubonyeza, hawi tena mtazamaji. Yeye akaongeza mlango wa kutokea.

Basi mzazi afanye nini? Sina orodha ndefu. Ajue mtoto anacheza ipi kati ya zile aina nne, kwa sababu kumkemea anayesoma hadithi kwa maneno ya anayecheza kamari kunamwonyesha kuwa hujui unachokisema, na baada ya hapo hatakusikiliza hata kwenye la haki. Amuulize wahusika ni kina nani, na nani kafa. Swali hilo halichukui dakika tano, na mtoto atakayelijibu atakuwa ameshakwambia mengi ambayo hakukusudia kuyasema. Simu isilale kitandani na mtoto, hilo halina mjadala. Na asiachwe peke yake na huzuni aliyoipata humo, kwa sababu huenda si ya humo.

Kuhusu swala kuna jambo dogo la kiufundi ambalo limeleta ugomvi usio wa lazima katika nyumba nyingi. Unamwita mtoto, anasema "subiri kidogo," unaona ni kiburi. Katika gemu hizi za zamani huwezi kuhifadhi ulipofikia mahali popote unapotaka. Kuna vituo maalumu, na ukizima kabla ya kukifikia unapoteza kazi ya saa nzima. Matoleo ya karibuni yamelirahisisha jambo hili, lakini si yote. Kwa hiyo usimwite adhana inapoadhiniwa. Mwite robo saa kabla, umwambie atafute kituo chake, na uje na udhu wako.